Kuweka hadi diski kubwa kwenye kompyuta ya Windows 98, na ile jampa iliyonichelewesha Nasser Road

Kompyuta yenyewe ni ya Hajji mmoja mwenye duka la stika Nasser Road, Kampala. Ni Pentium MMX yenye Windows 98 na hadi diski (hard disk, pale data zote zinapokaa) ya GB 2.1. Ndiyo inayoendesha mashine ya kukatia vinaili. Programu ya mashine hiyo inadai ufunguo wake uwe umechomekwa kwenye tundu la printa, na haitaki kusikia habari ya Windows mpya, kwa hiyo usimwambie Hajji anunue laptopu. Wameshamwambia wengi, na wote walionyeshwa mlango. Diski ilijaa, kisha ikaanza kulia kama njugu ndani ya kopo. Nikamletea ya GB 40 niliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa, nikamwambia, "Hajji, saa moja tu." Ilikuwa baada ya adhuhuri. Niliondoka usiku.

Hatua ya 1: Badilisha betri

Ni CR2032, ile ya mviringo kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Usiipime, nunua mpya. Mipangilio yote utakayoiweka kwenye BIOS (programu ya mazabodi inayoamka kwanza unapowasha) inalindwa na betri hiyo, na maduka mengi ya mjini huzima swichi kuu jioni. Betri ikiwa imechoka, asubuhi mashine itakuwa imesahau kila kitu, na lawama zitaangukia diski yako mpya.

Hatua ya 2: Ujue ukuta wa BIOS yako

Kila kizazi cha BIOS kina ukubwa ambao hakiwezi kuuvuka. Nyingi za kabla ya 1994 hukwama kwenye MB 528. Zilizofuata, baadhi hukwama kwenye GB 2.1, nyingine 8.4. Nyingi za kabla ya katikati ya 1999 hugota kwenye 33.8, halafu upo ukuta wa 137. Tazama tarehe inayotokea kwenye skrini mara tu unapowasha. Ya Hajji ilisema 1997. Niliiona kwa macho yangu, nikaipuuza.

Usichanganyikiwe na hesabu. GB 33.8 za kiwandani ndizo 31.5 za Windows, na ile 40 yangu ni 37.2. Hakuna aliyekuibia.

Hatua ya 3: Jampa

Hapa ndipo saa zangu zilipoishia, kwa hiyo nivumilie.

Nilitaka kwanza kuhakikisha kuwa diski mpya inatambulika, nikaifunga peke yake. Mstari mwekundu wa waya bapa ukae upande wa pini ya 1. Jampa, kile kibanio kidogo kinachounganisha pini mbili nyuma ya diski, nikaiweka kwenye Master (diski ya kwanza kwenye waya; ya pili huitwa Slave), maana ndivyo nilivyozoea. Nikawasha. Ikahesabu memori, ikaandika kwamba inatafuta diski, ikanyamaza. Nikibonyeza Del, kimya. Nikabadilisha waya, nikabadilisha plagi ya umeme, nikaweka Slave, nikarudisha Master. Kimya kile kile. Magharibi ikapita. Hajji akaagiza rolex mbili (chapati zilizoviringishwa na mayai), akanitazama nikila, akauliza, "Mwanangu, ile ya zamani bado nzima?"

Ilikuwa nzima. Kilichonitesa ni kwamba nilikuwa na makosa mawili kwa pamoja, na dalili zake zinafanana kama mapacha. Nikirekebisha moja, la pili linaendelea kuigandisha mashine, nami nadhani sijarekebisha kitu.

Kosa la kwanza: kuna diski zenye nafasi tatu za jampa, si mbili, yaani ya diski iliyo peke yake, ya Master mwenye Slave, na ya Slave. Ukiiweka kwenye Master mwenye Slave ilhali Slave hayupo, inaweza kukaa ikimsubiri. Kwenye diski niliyokuwa nayo, kuwa peke yake maana yake ni kuondoa jampa kabisa. Diski nyingine hazina tofauti hiyo, Master ni Master tu. Soma kibandiko cha diski iliyo mkononi mwako, usiende kwa mazoea kama mimi.

Kosa la pili: GB 40 ni zaidi ya 33.8. BIOS ya aina hii haikuambii kwamba diski ni kubwa mno, inaganda tu.

Ili kuyatenganisha, ipeleke diski kwenye kompyuta ya baadaye kidogo, Pentium 4 yoyote inatosha, bila kugusa jampa, na uifunge vile vile peke yake. Ikitambulika pale na ukubwa wake kamili, jampa ni sawa na ugomvi ni wa ukubwa. Isipotambulika, usianze kulaumu BIOS. Mimi niliivusha barabara hadi kwa jirani mchapaji saa mbili na nusu usiku. Ningeivusha saa tisa alasiri ningelala nyumbani mapema.

Tiba ya ukubwa mara nyingi iko kwenye diski yenyewe. Nyingi za miaka ile zina jampa ya kupunguza ukubwa, na mchoro wake upo kwenye kibandiko. Ukiiweka, diski inajitangaza kuwa ya GB 33.8 au pungufu kidogo, na BIOS inapita. Lakini angalia mambo matatu. Baadhi ya diski, ukiweka jampa hiyo, hujitangaza kuwa za GB 2.1, nawe unakuwa umerudi pale pale. Jampa hiyo huongezwa juu ya ile ya Master au Slave, na michoro hutofautiana, kwa hiyo usinakili wa diski nyingine. Tena iweke kabla ya kugawa diski, kwa sababu ukigawa kwanza kisha ukapunguza, partisheni (sehemu ya diski) ya mwisho itakuwa imening'inia nje ya ukuta.

Kuna wanaopendekeza kuandika upya programu ya BIOS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi imekufa. Bila UPS nzuri, ile betri ya kushikilia umeme, mimi sigusi. Wengine hutia ile programu ndogo ya kuidanganya BIOS inayokaa mwanzoni mwa diski. Siipendi hata kidogo: siku utakapowasha kwa flopi bila kuipitia, diski itaonekana kama haina kitu, na fundi atakayekuja baada yako ataifomati kwa roho safi.

Ikishatambulika, ndani ya BIOS, kwenye namna ya kuisoma diski, chagua LBA, si Normal wala Large, na usibadilishe tena baada ya kuandika data. Ukibadilisha, huenda data isisomeke.

Hatua ya 4: Gawa na fomati

Sasa rudisha diski ya zamani kama Master na mpya iwe Slave. Ingia DOS (skrini nyeusi ya amri), endesha FDISK, programu ya kugawa diski, kubali kutumia diski kubwa ili upate FAT32, mpangilio wa faili unaofaa diski kubwa. Kabla ya kitu kingine chagua namba 5 uhamie diski ya pili. Ukisahau, unaigawa ya mteja.

Mimi hufanya C ya baadaye (kwa sasa itaonekana kama D) iwe chini kidogo ya GB 8, kwa sababu hapo kila faili inakula vipande vya KB 4, nayo stika ni faili ndogo ndogo maelfu. Zinazobaki ziwe partisheni ya pili. Zima, washa, andika DIR D: uhakikishe haina faili za mteja, kisha:

FORMAT D: /S

Hatua ya 5: Nakili

Fanya ukiwa ndani ya Windows, kwenye dirisha la DOS. Ukinakili kwenye DOS tupu, majina marefu yote yatakatwa kuwa herufi nane, na "Stika za Ramadhani" itageuka STIKAZ~1.

XCOPY C:\ D:\ /E /H /K /R /C /Y

Italalamika kuhusu win386.swp. Iache, hiyo ni memori ya akiba, Windows itajitengenezea nyingine.

Hatua ya 6: Badilishana

Toa ya zamani, rudisha jampa ya mpya kwenye nafasi ya diski iliyo peke yake, na ile ya ukubwa ibaki. Washa kwa flopi, FDISK, namba 2, ifanye partisheni ya kwanza kuwa hai, yaani ya kuwashia. Haiwezekani kufanya hivi mapema, kwa kuwa FDISK hukubali kuifanya hai partisheni ya diski ya kwanza tu. Diski yangu ilikuwa na Linux zamani, ikawa inaandika GRUB (kiwashio cha Linux) na kusimama. FDISK /MBR ikamaliza.

Kama unaanza leo na huna diski mkononi, usinunue hadi diski ya mtumba. Tafuta kadi ya CompactFlash ya GB 8 au 16 na adapta yake ya IDE, ya kuichomeka kwenye ule waya bapa. Wapiga picha za harusi walizitumia sana kwenye kamera zao, na wengi bado wanazo droo zimejaa. Haina kinachozunguka, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla hakuna kichwa cha kukwaruza sahani. Ukuta wa 33.8 nao hukutani nao kabisa.

Jaribio la mwisho Hajji alilifanya mwenyewe. Aliandika maneno niliyomtajia, mashine ikayakata kwa vinaili nyekundu, akayabandika ndani ya kifuniko cha kompyuta: LBA. JAMPA YA UKUBWA ISITOLEWE. Diski ya zamani iko kwenye droo ya risiti, imefungwa kwenye gazeti.