Kufunga Kidhibiti Kipya kwenye Mashine Kuukuu ya CNC ya Kuchonga Mbao

Mashine kubwa ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga mbao iliyoundwa Ulaya katika miaka ya 1990 haizeeki yote kwa pamoja. Fremu yake ya chuma kizito na reli zake huweza kutumika kwa miongo mingi, ilhali kidhibiti chake, yaani kompyuta inayoiamuru, huanza kusumbua mapema: betri ya kumbukumbu hufa na vigezo vyote hufutika, skrini hufifia, na kadi za vipuri hazipatikani tena. Kwa hiyo karakana ya Ndeeba au Bwaise, jijini Kampala, inayouziwa mashine ya namna hii isianze kwa kuuliza bei ya kidhibiti, bali ianze kwa kuchunguza ni vitu gani katika kabati la umeme vinavyofaa kubakizwa. Kwa maoni yangu, mota za sevo (zinazosogeza mihimili kwa usahihi) na draiva zake (vifaa vinavyozipa umeme kulingana na amri) zikiwa nzima zibaki zilipo, maana ndizo ghali zaidi kuzibadilisha.

Kabla ya kufungua waya wowote, piga picha za kabati lote, bandika namba kwenye kila ncha na uchore mchoro wako mwenyewe, hata kama ule wa kiwandani upo, kwa kuwa mafundi waliotangulia huenda walibadilisha mambo bila kuyaandika. Kisha zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, subiri angalau dakika 10, na upime kwa mita volti za DC kwenye draiva. Kapasita zake zinaweza kubaki na chaji ya kuua mtu muda mrefu baada ya umeme kukatwa.

Draiva nyingi za enzi hizo hupokea amri ya kasi kama volti za analogi kati ya −10 na +10, na unaweza kuzijaribu bila kidhibiti chochote. Tenganisha mota na skrubu au mkanda wake, ifunge imara, washa draiva, kisha gusisha betri ya kawaida ya volti 1.5 kwenye vituo vya amri: mota nzima huzunguka kwa utulivu, na ukigeuza ncha za betri hugeuza mwelekeo. Usifanye jaribio hili mota ikiwa imeunganishwa. Kama volti 10 ni mizunguko 3,000 kwa dakika, volti 1.5 tayari ni mizunguko 450, kasi inayotosha kuligongesha daraja la mashine (boriti inayobeba kichwa cha kuchonga) mwisho wa reli.

Jaribio hilo ndilo linaloamua ununuzi. Kadi za bei nafuu zinazotoa mapigo ya hatua na mwelekeo pekee hazifai kwa draiva za analogi. Chaguo ninalolipendelea ni kompyuta ya kawaida yenye LinuxCNC, ambayo ni programu huria ya kuendesha mashine za CNC, pamoja na kadi ya Mesa 7I77, yenye njia 6 za analogi na 6 za kusoma enkoda (kihisi cha mzunguko wa mota), ikiunganishwa na kadi mama inayoendana nayo.

Kitufe cha dharura kikate kontakta (swichi kubwa ya sumaku-umeme) ya draiva moja kwa moja kwa waya, na programu ipewe taarifa tu, kwa kuwa kompyuta iliyoganda haiwezi kumwokoa mtu. Angalia pia kama mhimili wa Z una breki, na uhakikishe kwamba umeme ukikatika breki hiyo inashika.

Halafu weka vipimo. Enkoda ya mistari 1,000 hutoa hesabu 4,000 kwa mzunguko. Ikiwa skrubu husogea milimita 20 kwa mzunguko, kipimo ni hesabu 200 kwa milimita. Sogeza mhimili kwa mkono uone kama namba zinapanda upande uliokusudiwa, ndipo uwashe draiva ukiwa na kikomo kidogo cha kosa la ufuatiaji, yaani tofauti kati ya mahali mhimili ulipoamriwa kuwa na ulipo. Ishara ya enkoda ikipingana na ya amri, mhimili hukimbia kwa kasi yake yote, na kikomo hicho ndicho kitakachousimamisha.

Uganda hutumia umeme wa volti 415 wa fezi tatu, hezi 50. Baada ya matengenezo ya laini, mpangilio wa fezi unaweza kugeuka: spindo (mota inayozungusha kisu) inayoendeshwa na invata, kifaa kinachoitengenezea fezi zake chenyewe, haitajali, lakini pampu ya kufyonzea mbao mezani, iliyounganishwa moja kwa moja, itazunguka kinyume na mbao haitashikwa. Relei ya kusimamia fezi huzuia hilo. Kompyuta nayo ipewe UPS (betri ya akiba), ili umeme ukikatika ihifadhi mahali kazi ilipofikia na kuzimwa kwa utaratibu.

Mwishowe chonga mraba wa mita 1 kwenye MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) na upime pembe kwa pembe. Milalo yote miwili inapaswa kuwa karibu milimita 1,414. Ikitofautiana, daraja limepinda, na dawa yake ni kulirekebisha kwa spana kabla ya kugusa vigezo.