SOMO: Jinsi ya kuingia ibada ya Waorthodoksi Addis Ababa bila kujiaibisha

Habarini wapendwa. Mimi ni Mlutheri wa Moshi, nilienda Addis kwa kozi ya miezi miwili nikasema Jumapili siwezi kulala hotelini, sasa nawapa niliyojifunza ili nyie msihangaike kama mimi.

Hatua ya 1: SAA. Hii ndo iliniangusha. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi kabisa, jua likichomoza ndo saa inaanza. Jamaa wa mapokezi akaniambia kwa Kiingereza ibada ni saa kumi na mbili, mie nikajifanya msomi nikaigeuza kizungu nikaelewa mchana, nimefika saa sita juani nakuta watu washaondoka zamani, amebaki mlinzi na njiwa. Kumbe alimaanisha kumi na mbili yetu ileile ya asubuhi! Kwahiyo wakikutajia saa iache ilivyo, ila uliza tena "ni alfajiri au?"

Hatua ya 2: Mavazi. Dada zangu gauni au sketi ndefu, na kichwa kifunikwe. Utaona karibu kila mtu kajitanda netela, shuka jeupe jepesi la pamba, linauzwa masokoni, nunua moja tu halafu urudi nalo nyumbani. Kaka suruali ndefu, basi.

Hatua ya 3: Viatu unavua mlangoni. Soksi ziwe nzima jamani, mi kidole gumba kilikuwa nje na nyuma yangu kuna bibi anasujudu.

Hatua ya 4: Wanaume kushoto wanawake kulia, kwahiyo kama umeenda na mwenza wako mnaagana hapo. Ukiona watu wanabusu geti au ukuta usishangae, na wengi wanabaki uani wanafuata ibada hukohuko kwa spika. Mgeni ukikaa uani siku ya kwanza ni sawa tu, tena unaona vizuri watu wanafanya nini.

Hatua ya 5: Miguu. Kidase, yaani liturujia yenyewe, inaenda masaa mawili matatu na watu wamesimama karibu muda wote, ndo maana wazee wana fimbo ndefu za kuegemea. Lugha ni Ge'ez ya kale na Kiamhari, hutashika neno, ila "Egzio meharene Kristos" utaisikia mpaka uizoee, ni kuomba Bwana aturehemu. Kule mbele nyuma ya pazia hapaingiwi, ni pa makasisi, ndipo inapokaa tabot inayowakilisha Sanduku la Agano. Simu weka mfukoni.

Kasisi akipita na msalaba wa mkononi watu wanaubusu na kuugusisha paji la uso, ukiona hujawa tayari inamisha kichwa tu inatosha.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi nimebatizwa na nimepata kipaimara, naruhusiwa kushiriki meza ya Bwana?
Jibu: Hapana ndugu. Ni kwa Waorthodoksi wao waliojiandaa, na hawajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Utashangaa watoto wachanga wanapewa maana wanabatizwa wadogo, wa kiume siku ya 40 wa kike ya 80.

Swali: Samahani kaka, kama dada yuko kwenye siku zake?
Jibu: Wenyewe hawaingii ndani, wanasalia uani. Hakuna atakayekuuliza lakini ukifuata wenzio utakuwa na amani.

Swali: Kanisa gani kwa anayeanza?
Jibu: Utatu Mtakatifu, Kidist Selassie, madereva wote wanalijua. Ndimo alimozikwa Haile Selassie, yule mfalme wao wa zamani, mwili wake ulihamishiwa humo mwaka 2000. Kaburi ukaliangalie baada ya ibada, sio katikati.

Swali: Baada ya hapo mtu anakula wapi, njaa si itaua?
Jibu: Hahaha. Injera, ule mkate wao mwembamba wa chachu, na shiro, mchuzi wa unga wa dengu, mgahawa wowote wa jirani. Ila kama ni Kwaresima yao usiulize nyama wala maziwa, mi niliuliza maziwa ya chai mhudumu akanitazama weee.