Kumwandikisha mtoto shule katika kaunti ya vijijini Marekani

Jimbo la West Virginia lina kaunti 55, na kila kaunti ina wilaya yake moja ya shule chini ya bodi ya watu watano wa kuchaguliwa. Ukijua kaunti yako, umejua ofisi ya kwenda. Kwingine, kama Kentucky, kaunti moja huweza kuwa na wilaya zaidi ya moja, basi uliza kabla ya kujaza fomu.

Beba cheti cha kuzaliwa, mkataba wa pango au bili ya umeme, kadi ya chanjo na ripoti ya shule aliyotoka. Mtoto hanyimwi shule kwa kukosa namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) au vibali vya uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua suala la uhamiaji mwaka 1982. Kwenye anwani usiandike sanduku la posta. Basi la shule hupangiwa njia kwa mahali nyumba ilipo.

Kadi ya kliniki ndiyo hukwamisha wengi. Kwanza tarehe: 03/08/2019 kwetu ni 3 Agosti, lakini muuguzi wa shule ataisoma 8 Machi, na chanjo itaonekana imetolewa kabla ya wakati. Andika kwenye karatasi ya pembeni kila tarehe kwa jina la mwezi, kadi yenyewe usiiguse. Pili, surua ya miezi 9 haihesabiki Marekani, maana dozi ya kwanza inatakiwa baada ya mtoto kutimiza mwaka. Tena chanjo ya surua na rubela haina matumbwitumbwi, ambayo huko huchanjwa pamoja nazo. Mtoto atachomwa tena, hata kadi ikiwa imejaa.

Fomu itauliza lugha ya nyumbani. Andika Kiswahili. Wazazi wengine huandika Kiingereza wakiogopa mtoto atarudishwa darasa. Matokeo yake hapimwi, hapati mwalimu wa kumsaidia lugha, na akifeli hesabu wanadhani hana akili. Akiwekwa kwenye masomo ya kusaidiwa lugha utajulishwa ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze, au wiki mbili akiingia katikati ya mwaka, na una haki ya kukataa.

Mkalimani ni wa bure. Mtoto asigeuzwe mkalimani wa kikao. Ofisi za vijijini mara nyingi humpata mkalimani kwa simu, kwa hiyo taja mapema kama Kiswahili chako ni cha Kongo.