Kabla ya kumnunulia kijana baiskeli ya mashindano, hesabu mwaka mzima

Ubingwa wa dunia wa baiskeli barabarani ulifanyika Kigali mnamo Septemba 2025, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mzazi wa Lubumbashi anayeombwa baiskeli ya mashindano na mwanawe huulizia bei ya kununua. Mimi ningeanza na bei ya kuitunza kwa mwaka. Kijana mwenye kipaji akiacha mchezo kwa kukosa tairi, inauma kweli.

Iliyotumika inafaa, ila uichague kwa makini. Fremu ya kaboni ya mitumba naiogopa: ufa hujificha chini ya rangi, nao ukifunguka kijana yuko kwenye mteremko. Chukua alumini. Breki zinazobana rimu zinamtosha, na fundi wa mtaani anazijua. Gia nane au tisa nyuma zinatosha pia, kwani mnyororo wa gia 12 una bei kubwa zaidi. Angalia na valvu: baiskeli hizi nyingi zina ile nyembamba ambayo pampu za kawaida haziikamati, kwa hiyo nunua kiunganishi chake mapema.

Kinachokula makuta kimyakimya ni mnyororo. Kiangazi vumbi letu jekundu huingia kwenye mafuta yake na kuusaga. Ufutwe kwa kitambaa kila baada ya mazoezi, upakwe mafuta kidogo, kisha mara moja kwa mwezi upimwe kwa rula. Viungo 24 vya mnyororo mpya, kutoka pini hadi pini, ni milimita 305 hivi. Vikikaribia 307, badilisha mara moja, la sivyo utaharibu na gia za nyuma, na hapo bili inakuwa nyingine kabisa.

Usiuziwe wepesi. UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, hairuhusu mashindanoni baiskeli ya chini ya kilo 6.8, na anayeanza hata hahitaji kufika karibu na hapo. Fedha hiyo iende kwenye helmeti (iliyowahi kugonga chini itupwe, hata kama haina ufa unaoonekana) na kwenye chakula. Kijana anayekanyaga pedali kwa muda wa saa tatu anahitaji bukari ya kutosha na samaki.

Tena, watoto wanakua. Fremu inayomfaa leo inaweza kumbana mwakani, kwa hiyo familia tatu au nne zipatane kupokezana. Bila mpango wa namna hii mchezo utabaki wa watoto wa wenye nazo. Mabinti wasiachwe nje ya zamu hiyo: Kigali ndiko wanawake wa chini ya miaka 23 walikopata kwa mara ya kwanza mbio zao wenyewe za barabarani.

Barabara ya Kasumbalesa imejaa malori ya madini. Kijana asifanyie mazoezi huko peke yake. Atoke alfajiri, wakiwa kundi, na mtu mzima nyuma yao kwa pikipiki. Mafuta ya pikipiki hiyo nayo yaingie kwenye hesabu.

Halafu karatasi. Kundi la vijana la UCI ni la wanaotimiza miaka 17 au 18 ndani ya mwaka husika: aliyezaliwa 2010 ataingia 2027. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti na idhini ya wazazi vianze kushughulikiwa mwaka mmoja kabla, kwa sababu pasipoti peke yake inaweza kugharimu kama seti ya tairi.