Programu ya studio imekuwa ya bure? Kabla hujapakua, weka haya sawa

Programu ya kurekodi na kumiksi muziki iliyokuwa ikiuzwa kwa laki kadhaa ikitangazwa kuwa ya bure, magrupu ya maprodyuza hayalali siku hiyo. Viungo vinatumwa, watu wanashindana kupakua. Pakua, sikatazi. Ila kuna mambo ya kuweka sawa kwanza, na uyafanye wakati programu ya zamani bado inafunguka.

Anza kwa kujua nani ameinunua. Programu haiwi ya bure kwa sababu mtu ameamka na roho nzuri. Mfano ni SONAR, programu ya kurekodia muziki ya kampuni ya Cakewalk. Toleo kubwa, Platinum, liliuzwa dola 499, zaidi ya milioni moja ya shilingi za Tanzania kwa kiwango cha wakati ule. Mwaka 2016 wateja wake waliahidiwa masasisho ya maisha. Novemba 2017 Gibson, waliokuwa wamiliki, wakatangaza kusimamisha uendelezaji, kwa hiyo hayo maisha hayakumaliza miaka miwili. Februari 2018 kampuni ya BandLab ya Singapore wakanunua mali za Cakewalk, na Aprili mwaka huohuo programu ikatoka bure. Watu wakashangilia, na ilistahili, maana ilikuwa programu kamili. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba matoleo mapya yatalipiwa, na mwaka 2025 likarudi toleo la bure. Sisemi mtu alidanganywa. Nasema anayegawa bure leo anaweza kubadili mawazo kesho, na wewe hutapigiwa simu kuulizwa.

Kama uliinunua zamani, usiifute ya zamani. Tunza kisakinishi (lile faili la kuiwekea programu kwenye kompyuta), namba ya leseni na risiti, tena si kwenye kompyuta hiyohiyo. Watu wengi hawalijui hili: ulipolipa zile dola 499 hukununua programu peke yake. Ulipata na ngoma za Addictive Drums 2, Melodyne ya kunyoosha sauti, na plagini nyingine, yaani vijiprogramu vya kuongezea ndani ya programu kubwa, za makampuni mengine. Toleo la bure halikuja navyo. Aliyeacha SONAR yake ya zamani kwenye mashine aliendelea kuvitumia ndani ya toleo jipya. Aliyeharakisha kusafisha diski akafungua wimbo wake wa zamani akakuta ngoma ziko kimya.

Toa kazi zako nje. Kila traki, yaani kila sauti au ala peke yake, itolewe faili la sauti la WAV la biti 24 kuanzia sekunde ya sifuri, MIDI yake (maelekezo ya noti za kinanda na ngoma) kando, na spidi ya wimbo iandikwe kwenye jina la folda. Faili la projekti la programu moja kwa kawaida halifunguki kwenye nyingine, lakini WAV inafunguka popote. Inachosha, najua. Fanya.

Sasa akaunti, na hapa ukae chini. Programu ya kulipia ya zamani ilikupa namba ya leseni: unaiingiza, mmemalizana. Ya bure mara nyingi inataka ufungue akaunti, uingie, na kila baada ya muda irudi mtandaoni kuthibitisha kwamba bado ni wewe. Uthibitisho ukiisha, baadhi zinakuruhusu kufungua kazi na kusikiliza, ila kuhifadhi na kutoa nje zinakataa.

Kuna studio moja Morogoro ilirekodi kwaya ya kigango, albamu nzima, kwa programu ya aina hiyo. (Si hiyo niliyoitaja juu, na jina lake nalihifadhi.) Akaunti ilifunguliwa na kijana fundi mitambo, kwa barua pepe yake na laini yake ya simu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kiti siku hiyo. Hakukuwa na nia mbaya yoyote. Baadaye kijana akapata kazi Muscat, akaenda zake, laini ya Bongo ikakaa bila kutumika mpaka ikafungwa na kupewa mtu mwingine. Wiki chache kabla ya Pasaka, programu ikadai kuthibitishwa. Mwenye studio akabofya, namba za siri zikatumwa kwenye ile laini. Akaipiga, akapokea mama mmoja wa Tabora: “Baba, mimi na muziki wapi na wapi? Msinitumie tena hizo namba, nazifuta.” Na kweli alikuwa akizifuta. Kijana alipatikana kwa mtandao, akatoa neno la siri bila shida, lakini mlango wa pili ulikuwa palepale, kwenye simu ya yule mama. Kampuni ikaandikiwa, yakarudi majibu ya mashine.

Mwenyekiti wa kwaya alikuja studio mwenyewe, na kusema kweli ni vigumu kumweleza mtu mzima aliyechangisha fedha za waumini. Wimbo upo, anauona kwenye skrini, anausikia, ila hautoki. Mwishowe walichimba folda ya sauti ghafi: vipande vingi visivyo na majina, soprano ya mara ya tatu imelala kando ya kikohozi cha mtu wa besi. Kazi yote ya kukata, kuchagua na kumiksi ikaanza upya. Pasaka ikapita, na uzinduzi ukasogezwa.

Kwa hiyo akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya studio, si ya fundi, si ya mpwa wako anayejua kompyuta. Laini iwe iliyosajiliwa kwa jina la mwenye studio. Namba za dharura za kurudishia akaunti, kama zipo, zichapishwe zikae na leseni ya biashara. Na mteja akishalipa, akabidhiwe traki zake siku hiyohiyo, asisubiri kuziomba.

Halafu vigezo na masharti. Hakuna anayesoma yote, basi tafuta mambo mawili. La kwanza, ukihifadhi kazi kwenye seva zao, unawapa ruhusa gani? Ruhusa ya kuitunza na kuipiga uisikilize wewe mwenyewe ni ya kawaida, bila hiyo huduma haifanyi kazi. Ikifika kwenye kutangaza, kugeuza au kufundishia akili mnemba, simama. La pili, ni taarifa zipi wanakusanya na nani anapewa. Audacity, programu nyingine ya kurekodi na kuhariri sauti, imekuwa ya bure tangu mwanzo, lakini ilipochukuliwa na kampuni ya Muse Group mwaka 2021, tamko jipya la faragha la Julai liliwachefua watumiaji hadi kampuni ikaomba radhi na kuliandika upya. Kupiga kelele kunasaidia, ila usome kwanza ujue unapigia kelele nini. Pia zima kuhifadhi mtandaoni kwa kujiendesha, hasa kama unarekodi nyimbo ambazo hazijatoka. Sauti ya msanii si yako kuipeleka nje ya nchi bila yeye kujua, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019.

Usihame katikati ya kazi ya mtu. Usisasishe ijumaa jioni wakati jumamosi una rekodi. Soma kila kisanduku wakati wa kusakinisha, maana vingine vinakuja vimeshawekewa alama ya ndiyo. Na kisakinishi kitoke kwenye tovuti ya mwenye programu tu. Ukikiona kwenye grupu la Telegram, chenye maelekezo ya kuzima antivairasi kwanza, basi huyo aliyekituma anataka kingine kabisa kwenye mashine yako.