Kemo ya vidonge na joto la Mombasa: chunga viganja na nyayo

Watu wakiskia kemo ya vidonge, yaani dawa ya saratani ya kumeza, huona ni nyepesi kuliko ya dripu, manake mtu anamezea kwake, lakini kapesitabini, ile wengine huijua kwa jina la Xeloda, ina yake. Inachosumbua sana ni viganja na nyayo. Huanza kuwasha na kufa ganzi, kisha vyawa vyekundu, vyavimba, ngozi yachubuka, na ukipuuza yapasuka hadi kushika kikombe cha chai ni taabu. Na kwa joto letu hili la Januari mpaka Machi ndo usiseme.

Anza kujikinga siku ile ile unapopewa dawa, usingoje kuumwa. Paka mafuta mazito yasiyo na manukato asubuhi, usiku na kila ukishanawa, ukipata krimu ya yurea ya asilimia 10 famasi ndo bora, lakini paka polepole usisugue. Maji ya moto achana nayo. Kazi mbaya kabisa ni kukuna nazi, kile kifuu unavyokigandamiza na kiganja ukizungusha kwa mbuzi ndo ngozi inapochubuka, mpe mtu akukunie au nunua tui la pakiti. Kusukuma chapati na kufua kwa mkono pia. Hapa ndo tulipovutana sana na mamangu, manake kumwambia mama wa Kiswahili atoke jikoni ni mtihani, mwisho tukamuwekea kiti awe akielekeza tu.

Ndara za kidole hukwangua, vaa viatu laini vya wazi, na usikanyage saruji ya nje peku saa saba mchana. Piko pia iache kwanza hata kama kuna harusi. Alama za vidole zaweza kufifia, kwahivyo simu iwekee namba ya siri, na mashini ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, ikikataa kidole mwambie karani ni dawa.

Vidonge kwa kawaida humezwa siku 14 halafu wapumzika 7, asubuhi na jioni, ndani ya dakika 30 baada ya kula. Ukisahau usimeze maradufu. Ramadhani usijipangie mwenyewe daku na futari, muulize daktari kwanza. Mwambie pia kama watumia wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, au vitamini zenye foliki asidi, hizo hazipatani nayo.

Tumbo likiendesha kunywa ORS. Lakini ukienda choo mara 4 zaidi kwa siku juu ya kawaida yako, au likikuamsha usiku, au mdomo ukiwa na vidonda hadi kula kukushinde, usimeze tena, pigia hospitali siku hiyo hiyo. Homa ya 38 au kifua kubana ni kwenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wengi huficha wakiogopa watanyimwa dawa, na hili ndo huniuma. Daktari husimamisha siku kadhaa kisha apunguze kipimo cha dawa, ni jambo la kawaida na si kwamba matibabu yameshindwa. Tatizo ni kuwa kliniki mara nyingi huja mwisho wa wiki ya mapumziko, mikono ishapoa, daktari aona ni mizima na kipimo chabaki vile vile. Kwahivyo siku inapouma piga picha viganja na nyayo, umfungulie simu aone mwenyewe.