Kung'oa vichaka bila kuua maua adimu ya malishoni

Ua la mwituni likianza kupotea malishoni, lawama huenda kwa mbuzi na watoto wanaochuma. Katika mashamba ya Gilgil, Elementaita na Njoro, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, angalia kwanza vichaka vya leleshwa na lantana vilivyolisogelea.

Gloriosa, lile ua jekundu lililojikunja kama mwali wa moto, pamoja na gladioli na okidi za ardhini, huvuka kiangazi zikiwa viazi au matunguu chini ya udongo. Mvua ikishika huchipua na kuchanua, kisha majani huteremsha chakula chini kabla ya kunyauka. Kichaka huziibia maji mara mbili. Manyunyu hunaswa na majani yake na kukaukia huko huko juu. Mvua inayopenya hunyonywa na mizizi yake. Mwaka wa kwanza mmea hutoa majani bila ua, baadaye jani moja jembamba, mwishowe hautokezi. Miche ya mbegu hufa mapema zaidi, kwani haina akiba yoyote.

Pima kabla ya kushika panga. Tega makopo matano yanayolingana chini ya kichaka na matano peupe, mvua ikatike, ulinganishe maji kwa rula. Siku tatu baadaye chimba sentimita 15 pande zote mbili, mbali na maua, ufinyange udongo kiganjani. Wa peupe ukishikamana na wa kichakani ukapukutika, kichaka ndicho kinachokausha. Ukiwa mkavu kote, tafuta mtaro unaotorosha maji au ardhi iliyoshindiliwa na kwato.

Maua yakiwa yamechanua, piga vigingi kuyazunguka na uyahesabu. Bila vigingi, wakati wa kazi utakanyaga au kukata usichokiona. Kata vichaka Januari au Februari, matunguu yakiwa yamelala. Ndani ya mita moja ya kigingi usitie jembe kabisa: kata shina usawa wa ardhi, kisha rudi kila baada ya wiki sita kuvunja machipukizi. Leleshwa huchipua upya kwa nguvu, kwa hiyo kukata mara moja ni kazi bure. Nje ya hapo, lantana ing'olewe na mizizi yake udongo ukiwa na unyevu. Matawi yake yaanikwe juu ya mawe, maana yakilala kwenye udongo mbichi hutoa mizizi, na ng'ombe wakiyala huwadhuru. Usichome moto juu ya matunguu.

Ondoa theluthi moja tu ya vichaka kwa mwaka. Hapa ndipo wengi huharibu: wakifyeka vyote, nyasi ya kikuyu hutanda na kuyasonga maua kuliko leleshwa, ambayo nayo ni mti wa asili wenye haki ya kubaki. Mbolea pia usitie, itanufaisha nyasi.

Kwenye chemchemi na chepechepe, usichimbe mtaro wala kupanda mkaratusi. Penye ukavu, mvua ikikatika ghafla wakati wa kuchanua, mwagilia: lita 10 kwa mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 10. Majani yakinyauka, acha kumwagilia, la sivyo matunguu yataoza.

Mifugo ikae nje mpaka majani yawe manjano na mbegu zipukutike. Kiazi cha gloriosa ni sumu kali. Kisichanganywe na viazi vikuu.